Uzi: Mnyanya wa nyumbani ukidumaa, tuusome kabla ya kuutia mbolea au dawa

Mtunza Miche

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kuna swali ambalo halikauki midomoni mwa watu wanaolima nyanya chache nyumbani: mnyanya umesimama, haurefuki, majani yamebadilika rangi au umbo, maua yanadondoka, je, niutie nini? Anayeuliza hivyo ameshaamua kwamba kuna kitu kinachopungua na kwamba tiba yake ni kuongeza. Ninafungua uzi huu ili kusisitiza utaratibu mwingine, nao ni kuusoma mmea wenyewe, kuanzia jani hadi mzizi, kabla ya kununua au kuchanganya chochote. Maana katika chombo chenye lita chache za udongo, mbolea iliyotiwa kwa kubahatisha hudhuru upesi kuliko upungufu iliokusudiwa kuuziba.

Kwanza angalia badiliko limeanzia wapi: kwenye majani ya chini yaliyokomaa, au kwenye majani machanga ya kileleni. Kisha jiulize limekuja kwa kasi gani, kwa sababu kinachotokea kwa siku moja mara chache huwa ni upungufu wa lishe. Lishe ikipungua, mmea hubadilika polepole kwa wiki. Mwisho, hesabu mimea iliyopatwa. Mmea mmoja ukiugua katikati ya wenzake wenye afya, shuku mizizi yake, mdudu au ugonjwa. Minyanya yote ikibadilika kwa namna moja na kwa wakati mmoja, shuku kile inachoshiriki: maji, udongo, samadi, hali ya hewa.

Mahali pa kuanzia pana maana kwa sababu naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni virutubishi ambavyo mmea unaweza kuvihamisha ndani yake. Vikipungua, huvitoa kwenye majani ya zamani na kuvipeleka kwenye machipukizi, na ndiyo maana dalili zake huonekana chini kwanza. Jani la chini likipauka lote kwa usawa, shuku naitrojeni. Likiwa la njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani, shuku magnesiamu. Kingo zake zikikauka na kuwa za kahawia, shuku potasiamu. Chuma na kalisi hazihamishiki kirahisi, kwa hiyo upungufu wake hujitokeza kwenye sehemu changa. Jani la kileleni lililopauka huku likiwa na mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa chuma, lakini mara nyingi chuma kipo udongoni na kinachokosekana ni njia ya kukipata: udongo wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) iliyopita 7 hukizuia, na mizizi iliyokosa hewa hushindwa kukifyonza. Mnyanya hustawi kwenye pH ya kati ya 6.0 na 6.8 hivi, basi mwenye kipimo na apime kabla ya kumwaga chokaa au majivu, ambayo yote mawili huipandisha. Tena, majani mawili matatu ya chini kabisa kuwa ya njano kwenye mmea uliobeba matunda mengi si ugonjwa. Ni uzee wa majani, na yanaweza kukatwa.

Sasa nije kwenye maji na mizizi, ambako kwa maoni yangu ndiko yaliko matatizo mengi ya mnyanya wa nyumbani, hata pale majani yanapoonyesha kitu kingine.

Mzizi hupumua. Unahitaji oksijeni iliyo katika nafasi ndogondogo za udongo ili uweze kufanya kazi ya kufyonza maji na madini, na nafasi hizo zikijaa maji siku baada ya siku, mzizi hudhoofika, kisha huoza. Matokeo yake huwachanganya watu wengi: mmea hunyauka huku udongo umelowa, majani ya chini huwa ya njano, ukuaji husimama, na mwenye mmea, akiona umenyauka, huuongezea maji. Kidole kinatosha kuzuia kosa hilo. Kiingize udongoni hadi kifundo cha pili. Kama huko chini kuna unyevu, usimwagilie, hata kama juu pamekauka. Inua pia chombo, kwa sababu uzito wake utakueleza zaidi ya rangi ya udongo wa juu. Tofautisha vilevile kunyauka kwa adhuhuri na kunyauka kwa alfajiri: mmea unaolegea saa za jua kali na kusimama tena jioni unapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta kwa muda huo, na si lazima uwe na tatizo, mmea uliolegea mapema asubuhi, kabla ya jua kupanda, una tatizo la kweli.

Upande wa pili wa jambo hilo ni udongo uliokauka kupita kiasi. Mchanganyiko wenye makapi ya nazi au mboji nyingi ukikauka kabisa hukataa maji. Ukimwagilia, maji hupita pembeni mwa chombo na kutokea matunduni kwa haraka, nawe ukadhani umenywesha ilhali kiini cha udongo kimebaki kikavu. Chombo cha namna hiyo kiwekwe ndani ya beseni la maji kinyonye kutoka chini mpaka udongo wa juu ulowe, kisha kitolewe kichuje. Niongeze kwamba kuweka kokoto chini ya chombo hakusaidii kutoa maji, ingawa ushauri huo umeenea mno. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ule ushibe kabisa, hivyo kokoto hupandisha juu tabaka lililolowa na kuikaribisha mizizi kwenye maji yaliyosimama. Matundu mengi na mchanganyiko ulio mwepesi ndiyo suluhisho.

Kisha kuna ukubwa wa chombo. Aina ndefu za nyanya, zile zinazoendelea kurefuka na kuzaa bila kikomo, zinahitaji chombo cha lita 20 hivi au zaidi. Aina fupi, zinazofikia kimo fulani na kukoma, zinaweza kuridhika na lita 10 hivi. Mnyanya mrefu ndani ya chombo kidogo hukua vizuri mwanzoni, halafu husimama wakati mizizi imejizungusha na kujaza chombo chote, na hapo hakuna mbolea itakayousukuma. Mmea uliokomaa unaweza kunywa lita mbili au zaidi kwa siku ya joto, kiasi ambacho chombo kidogo hakiwezi kukishika. Kabla ya kuuliza utie nini, chomoa mmea mmoja taratibu uone mizizi: myeupe na yenye matawi mengi ni mizima, ya kahawia na inayoteleza vidoleni imeoza, yenye vinundu vingi imevamiwa na minyoo fundo.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Mnyanya unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 hadi 8 kwa siku. Chini ya hapo utaishi, lakini utakuwa mwembamba na wenye matunda machache, na hilo halina tiba nyingine zaidi ya kuuhamisha.

Naomba atakayeuliza aeleze chombo, udongo, jinsi anavyomwagilia, na mahali badiliko lilipoanzia. Picha ya mizizi ina manufaa kuliko picha kumi za majani.

Bustani Kibarazani

Asante sana, Mtunza Miche, kwa maelezo haya. Yangu ni minyanya ya aina ndefu, kila mmoja kwenye chombo cha lita 20. Majani ya chini na ya katikati yamejiviringa kwenda juu mpaka kingo zimekaribia kugusana, na ukiyashika ni magumu kama ngozi. Rangi yake ni ya kijani kabisa. Niliondoa machipukizi mengi ya kwapani kwa siku moja, na jua limekuwa kali tangu hapo. Nimeambiwa ni virusi na kwamba niing'oe yote.

Mtunza Miche

Usiing'oe, ndugu yangu. Ulivyoeleza, majani yamejiviringa kuanzia chini, yamebaki ya kijani, na tatizo limefuata upogoleaji mkubwa na jua kali. Hayo yote yanaelekeza kwenye kujiviringa kwa majani kunakosababishwa na mazingira. Mmea uliopoteza majani mengi kwa mara moja, au unaokabiliwa na joto na ukavu, hukunja majani yake ya zamani, nayo yanaweza kubaki hivyo hata hali ikitulia, bila kuathiri sana mavuno. Siku nyingine ondoa machipukizi yangali madogo, kidogo kidogo, na uweke matandazo juu ya udongo ili unyevu usipande na kushuka.

Ugonjwa wa virusi wa kukunjamana kwa majani na kuwa ya njano, unaoenezwa na inzi weupe, una sura tofauti. Wenyewe hushika kilele: majani mapya hutoka madogo, yamekunjwa juu kama vikombe, kingo zake ni za njano, nafasi kati ya pingili hufupika, na mmea mzima huonekana kichaka kilichodumaa huku maua yakidondoka. Huo hauna tiba. Mmea ulioambukizwa hung'olewa ukiwa umefunikwa kwa mfuko, ili inzi wasiruke kwenda kwa jirani yake, na jitihada zote huelekezwa kwenye kuwazuia inzi. Tikisa basi mimea yako uone kama kuna vijidudu vyeupe vinavyoruka, na uchunguze chini ya majani. Usipowaona, na kilele kikiwa kinatoa majani ya ukubwa wa kawaida, tulia.

Mpanda Mbegu

Naomba kuuliza kuhusu miche. Ninaiotesha ndani, karibu na dirisha. Imerefuka sana, ni myembamba, inaanguka, na chini ya majani kuna rangi ya zambarau. Nilikuwa nafikiri kuitia mbolea ya fosforasi.

Mtunza Miche

Hapo kuna mambo mawili yaliyokutana. Urefu na wembamba ni kukosa mwanga wa kutosha, hasa ikiwa mahali penyewe pana joto, kwa sababu joto huharakisha ukuaji ambao mwanga hauwezi kuulisha. Ukitumia taa, iwe karibu na miche na iwashwe saa 14 hadi 16 kwa siku, si zaidi. Mnyanya ni miongoni mwa mimea inayodhurika kwa mwanga usiokatika, na ukiachiwa taa usiku na mchana majani yake hupauka. Miche iliyorefuka haijapotea. Wakati wa kuihamisha, izike mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa maana shina la mnyanya huotesha mizizi popote linapogusana na udongo wenye unyevu.

Rangi ya zambarau ni kweli inahusiana na fosforasi, lakini kwenye miche mara nyingi chanzo ni ubaridi wa udongo, ambao huzuia mizizi kuifyonza hata ikiwepo. Weka chombo mahali penye joto kidogo, mbali na kioo nyakati za usiku, na utazame majani mapya. Yakitoka ya kijani, hakuna mbolea inayohitajika. Kabla ya kuitoa nje, izoeshe jua kwa siku 7 hadi 10, ukianza na saa chache za kivuli chepesi, kwa sababu jani lililokulia ndani huungua na kuwa na mabaka meupe likikutana na jua kamili siku ya kwanza.

Shamba Dogo

Mimi nimesumbuliwa na jambo ambalo sijapata jibu lake. Nina minyanya sita kwenye tuta moja. Majani ya kileleni yanatoka membamba, yamejisokota, mengine yamekuwa kama majani ya jimbi. Hayana madoa, na nimetafuta wadudu kwa lenzi bila kuona hata mmoja. Yote sita ni hivyo hivyo, na maharage niliyopanda pembeni ya tuta nayo majani yake yamejikunja kama vikombe. Mahindi yaliyo hapo hapo ni mazima. Tuta lilitiwa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kabla ya kupanda. Nimetia mbolea ya maji mara kadhaa na hakuna mabadiliko.

Mtunza Miche

Umeeleza vizuri sana, na kilichonivuta zaidi ni mahindi kuwa mazima. Virusi vya minyanya kwa kawaida havishiki mimea yote kwa sare namna hiyo, na upungufu wa lishe haungechagua minyanya na maharage ukayaacha mahindi, ambayo ni mlaji mkubwa wa naitrojeni. Ninachoshuku ni mabaki ya kiuagugu ndani ya samadi.

Zipo dawa za magugu, kama zile zenye aminopyralid au clopyralid, ambazo hupuliziwa kwenye malisho ili kuua magugu ya majani mapana bila kudhuru nyasi. Mnyama anapokula nyasi hizo, dawa hupita tumboni mwake bila kuvunjika, ikatokea kwenye kinyesi na mkojo, na huweza kudumu ndani ya samadi na hata ndani ya mboji iliyokamilika kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kuoza vizuri kwa samadi si ushahidi kwamba dawa imekwisha. Minyanya, maharage, njegere na viazi hudhurika kwa kiasi kidogo mno cha dawa hizo, ilhali mahindi, kwa kuwa ni jamii ya nyasi, huvumilia. Dawa hizi huvuruga homoni ya ukuaji, na ndiyo sababu majani mapya hutoka yamesokotwa huku ya zamani yakibaki na umbo lake.

Kabla ya kuamua, fanya jaribio. Chukua samadi ileile, kama imebaki, uichanganye nusu kwa nusu na udongo safi, na ujaze vyombo vitatu au vinne. Vingine idadi hiyo hiyo vijaze udongo safi peke yake. Panda maharage katika vyote, uvimwagilie sawasawa, na usiweke vyombo vya kundi moja mahali ambapo maji yake yatachuruzikia lingine. Subiri wiki tatu hadi nne, mpaka maharage yawe na majani kamili matatu hivi. Maharage ya samadi yakijikunja na yale ya udongo safi yakibaki sawa, jibu umelipata. Katika kipindi hicho usitie mbolea nyingine yoyote kwenye tuta.

Jirani wa Shambani

Naomba niongeze jambo kwa wanaosoma, lisichanganywe na hilo. Kwangu mnyanya mmoja ulinyauka ghafla, majani yakiwa bado ya kijani, na siku chache baadaye ukafa. Minyanya ya jirani yake ilikuwa mizima wakati huo. Je, hapo ni mizizi kuoza au ni mnyauko?

Mtunza Miche

Swali zuri, na kuna namna ya kulipima nyumbani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, chenye urefu wa kiganja, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi huku ncha iliyokatwa ikiwa majini, na ukitazame bila kukitikisa. Ukiona ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Bakteria hao hubaki udongoni kwa miaka, kwa hiyo ng'oa mmea pamoja na mizizi, usiutupe kwenye shimo la mboji, usihamishie udongo huo kwingine, na usipande hapo nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo. Nyuzi zisipotokea, pasua shina kwa urefu: michirizi ya kahawia chini ya ganda, pamoja na majani ya chini yaliyoanza kuwa ya njano upande mmoja wa mmea, huelekeza kwenye mnyauko fuzari, ambao ni wa ukungu. Shina likiwa safi ndani, rudi kwenye mizizi.

Bustani Kibarazani

Majani mapya yangu yametoka ya kawaida na inzi weupe sikuwaona, asante. Lakini sasa maua yanakauka kwenye kikonyo na kudondoka, ingawa mimea ina nguvu na majani ni ya kijani iliyokolea sana.

Mtunza Miche

Kijani iliyokolea sana na majani mengi bila matunda hunifanya niulize kwanza kuhusu mbolea yenye naitrojeni nyingi. Kama unaitumia, isimamishe. Jambo la pili ni joto. Mchana ukizidi nyuzi joto 32 hivi za Selsiasi, au usiku ukishuka chini ya 13, chavua hudhoofika na ua hudondoka bila kushika tunda, na hapo hakuna la kufanya zaidi ya kivuli chepesi cha adhuhuri na subira mpaka hali ibadilike. Jambo la tatu linahusu kibaraza chenyewe. Ua la mnyanya hujichavusha, lakini chavua haitoki mpaka ua litikiswe, kazi inayofanywa na upepo au na nyuki wanaolitetemesha. Mahali palipokingwa pembeni hukosa vyote viwili, basi gonga vikonyo vya maua kwa kidole kila siku, saa za katikati ya mchana hewa ikiwa kavu.

Shamba Dogo

Ndugu Mtunza Miche, narudi na matokeo. Maharage yote ya samadi yamejikunja kama yale ya kwenye tuta, na ya udongo safi yamenyooka. Sasa tuta nilifanyeje, na minyanya yenyewe niiache?

Mtunza Miche

Nimesikitika kwa ajili ya tuta lako, ingawa nashukuru kwamba sasa tunajua. Minyanya iliyosokotwa sana iondoe, wala usiiweke kwenye mboji, kwa sababu dawa imo ndani yake. Samadi iliyobaki usimpe mtu mwenye bustani; mweleze aliyekupa, kwani huenda naye hajui nyasi zake zilipuliziwa nini. Dawa hizi huvunjwa na vijidudu vya udongoni penye joto, unyevu na hewa, kwa hiyo geuza udongo mara kwa mara, uulowanishe, na kwa msimu ujao upande mahindi au nafaka nyingine hapo, lakini mabua yake usiyafanye matandazo ya minyanya. Kabla ya kurudisha nyanya kwenye tuta hilo, chukua udongo kutoka sehemu nne au tano tofauti, urudie jaribio la maharage, na sehemu moja tu ikijikunja, usubiri msimu mwingine. Kwa sasa panda minyanya mipya kwenye vyombo vyenye udongo uliopita jaribio lako.